Mstari wa Kumi na Saba

Jumatatu, 1 Septemba

Nimerudi kutoka Kiomboi. Semina ya siku mbili! Nimepewa kofia, daftari kubwa la mistari na gambuti nyeusi mpya. Mtaalamu, kijana wa miwani, alisema matukio makubwa hutokea mara chache sana, na kabla ya kutokea hujificha kwenye namba. Ukiandika kila siku, kisha ukautazama ule mstari mmoja usiofanana na wenzake, utaliona tukio mapema. Nilisimama nikapiga makofi peke yangu. Wala sikuona haya.

Kipindi cha mwisho, cha usafi wa gambuti, sikuingia. Wali na nyama vilikuwa bado vinagawiwa na foleni ilikuwa fupi. Tena mtu mzima afundishwe kuosha viatu? Jamani.

Habari yenyewe ni hii. Selina, afisa mifugo wa kata, atachagua mwangalizi wa kuku kwa kitongoji chetu hapa Kinyangiri. Atakayechaguliwa atapewa baiskeli. Tuliokwenda semina ni wawili tu, mimi na Sostenes seremala. Sostenes alipoteza kalamu siku ya kwanza. Baiskeli ni yangu.

Mke wangu Eliza amenipokea vizuri, ila kanisimamisha kwenye mlango wa uzio. Kasema gambuti hazikanyagi ua aliokwisha kuufagia, zikae nje kwenye minyaa ya uzio. Nimetii. Mle ndani kuna kuku wake kumi na wanne, kawafungia tangu Julai kwa ajili ya kipaimara cha binti yetu Joyce, tarehe 21. Mama mkwe anakuja kutoka Ihanja kwa ajili hiyo. Kuku wakipungua nitaificha wapi sura yangu?

Jumanne, 2 Septemba

Kazi imeanza. Kitongoji kina nyumba kumi na saba, yangu ikiwa ya mwisho. Nimechora safu: idadi ya kuku, waliokufa, rangi ya jogoo, mlango una rangi gani, wageni waliopita. Watu wakiuliza ni za nini nawajibu ni takwimu. Hakuna anayeuliza tena.

Nyumba nne zilikataa kunifungulia. Waliona gambuti wakadhani nimekuja kudai michango ya shule. Mmoja alizima hata redio. Nimewaandika: hawana takwimu.

Jua la Septemba na gambuti haviafikiani hata kidogo. Miguu inachemka. Sostenes kapita na makatambuga yake ya tairi, kaniuliza kama nimesikia mvua inanyesha mahali. Wivu mtupu.

Mchana, kwa Mathayo. Mungu anisamehe, nilifurahi! Kuku watatu wamekufa, wengine wamezubaa, shingo zimepinda, wanaharisha kijani. Kideri! Kasema kililetwa na jogoo aliyemnunua mnadani. Tukio lenyewe hili, siku ya kwanza tu! Mathayo alitaka kuwachoma wote. Nikamwambia sayansi haichomi, inachunguza. Nimechukua mmoja, nimemtia kwenye kiroba. Sampuli.

Jumatano, 3 Septemba

Nimezunguka na sampuli nyumba kumi na moja, kuwaonyesha watu kuku mgonjwa anavyoonekana. Tena nimeingia ndani ya kila banda, maana kuku wa kuhesabiwa mlangoni si takwimu.

Mama Bonaventura, mjane, ana kuku tisa na kila mmoja ana jina. Nilimpa shikamoo, akanipa karanga. Akachungulia kirobani, akauliza huyo naye anaitwa nani. Nikasema haitwi. Akasikitika.

Jioni Eliza kakinyanyua kiroba kwa ncha ya fimbo, kakichoma na kila kilichokuwamo. Hakuniuliza. Kazi ya siku mbili imekuwa majivu!

Jumatatu, 8 Septemba

Vifo nyumba nne! Si nilisema?

Nimekaa na daftari asubuhi nzima. Nyumba tatu kati ya hizo zina mlango wa bluu. Nikampigia Selina simu. Alisikiliza, kisha akasema nisiingie tena kwenye mabanda ya watu, wagonjwa watengwe, waliokufa wachomwe, yeye anangoja chanjo kutoka mjini Singida. Nimemwelewa. Ile ya kutoingia kwenye mabanda inawahusu wengine.

Nimepita kwenye milango yote ya bluu kuthibitisha.

Jumatano, 10 Septemba

Sasa nyumba nane. Milango ya kijani imeingia. Ya bati nayo imeingia. Rangi tumeachana nayo.

Lakini nimempata mtu! Safu ya wageni inasema yote. Sostenes katengeneza vitanda na viti kwenye nyumba sita kati ya nane. Sita! Anaingia kacheka, anatoka kacheka, nyuma yake kuku wanapinduka. Nimerudi kwenye nyumba zote nane kuuliza upya, na tatu nyingine kwa tahadhari. Eliza kauliza kwa nini sikai chini nikapumzika. Nikamwambia mtu mwenye tukio mkononi hapumziki.

Viatu nje. Nimezoea.

Ijumaa, 12 Septemba

Kuku wa Mama Bonaventura wameisha. Wote tisa. Nimemkuta kakaa kwenye kigoda karibu na majivu, anawataja mmoja mmoja kwa majina. Hakulia. Aliniambia nikae, nikakaa. Akaniuliza daftari langu linasemaje. Nikalifunga.

Nimeandika 9. Eliza kawahesabu wake mara mbili. Wapo kumi na wanne.

Jumamosi, 13 Septemba

Mkutano ofisi ya kijiji. Siku mbaya. Nitaiandika yote, maana mimi ni mtu wa kumbukumbu.

Nyumba kumi na mbili zimepoteza kuku. Nilisimama na kofia yangu, nikasoma safu ya wageni, nikamtaja Sostenes. Watu wakaguna. Sostenes akasimama, safari hii bila kucheka. Akasema vitanda ametengeneza pia kwenye zile nyumba nne zilizonifungia mlango, tena amelala huko mchana akisubiri gundi ikauke, na kuku wa huko wazima kabisa. Wenye nyumba wakaitikia kweli.

Selina akaliomba daftari. Akasema tusitafute mtu wa kumlaumu, tutafute mstari usiofanana na wenzake. Nikamwambia haupo. Akauliza mbona mstari wa kumi na saba umefutwa kwa kifutio. Nikamweleza ule ni wa nyumba yangu. Kuku kumi na wanne wazima katikati ya vifo, ulikuwa unaharibu picha nzima. Isitoshe, kuku wangu wanaishi na msomi, hawawezi kuwekwa kundi moja na wengine.

Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akagonga meza.

Hapo Eliza akaomba ruhusa kusema. Alisema polepole, kama anavyosema kanisani. Akaomba safu ya wageni iongezwe jina moja ambalo mwandishi alilisahau, yaani la mwandishi mwenyewe. Selina akauliza nyumba moja moja. Kwa Mathayo ugonjwa ulikuja na jogoo wa mnadani. Kwa wengine wote kumi na mmoja? Nilifika mimi, na kiroba, nikaingia bandani, na baada ya siku chache kuku wakaanza kuzubaa. Kwenye nyumba nne ambazo sikufunguliwa? Hakuna aliyekufa.

Nilijitetea. Nikasema mbona nyumbani kwangu naingia kila siku!

Eliza akasema ndiyo, unaingia, ila peku. Gambuti zinabaki kwenye minyaa. Ndiyo tofauti pekee aliyoiona kwenye daftari zima.

Mkutano mzima ukainamia miguu yangu. Nilikuwa nimezivaa.

Aliyenitazama muda mrefu kuliko wote ni Mama Bonaventura. Selina kaniagiza nizioshe gambuti kwa dawa leo leo.

Jumapili, 14 Septemba

Nimekwenda kwa Mama Bonaventura peku. Nilisimama barabarani nikampa shikamoo, nikaomba msamaha kwa sauti kubwa. Nilisema ni mimi niliyewaua. Ni kweli, na nilitaka kulia. Eliza amemwahidi mitetea miwili, ugonjwa ukipita.

Mama Bonaventura alijibu amesamehe. Akaongeza kwamba mpaka mitetea hiyo ije, maji ya kisimani nitamletea mimi kila asubuhi, maana zamani alikuwa akienda na Sikitu, kuku wake mwekundu, na sasa njia ni ndefu. Nimekubali. Ndoo mbili. Haki yake.

Gambuti sijaziosha. Ule uchafu ni ushahidi.

Alhamisi, 18 Septemba

Chanjo imefika! Tone moja kwenye jicho la kila kuku mzima. Sostenes aliwashika, Eliza aliwadondoshea. Mimi niliwekwa upande wa pili wa barabara nihesabu kwa mbali. Nyumba nne zimechanjwa, na yetu ya tano. Kuku wa Eliza ni kumi na wanne bado! Nilipiga kelele ya furaha mpaka Sostenes akacheka, nami nikacheka naye. Si mtu mbaya. Nimemwomba radhi, kasema nimpe kalamu yangu tuwe tumemalizana. Nimempa.

Kisha Selina katangaza mwangalizi. Eliza!

Niliumia, sikatai. Niliumia kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Halafu nikapiga hesabu. Baiskeli ni ya Eliza. Eliza hajui kuendesha baiskeli. Eliza ni mke wangu. Baiskeli italala kwangu.

Jumapili, 21 Septemba

Kipaimara. Joyce kavaa nyeupe, kajibu maswali yote ya mchungaji bila kubabaika. Mama mkwe kafika salama, nimempa shikamoo nikiwa nimeinama ipasavyo. Kuku wanane wamepikwa. Wanne wamebaki bandani, na mitetea miwili imetengwa kwa Mama Bonaventura. Alikuja mwenyewe kuichagua na mmoja keshampa jina. Mama mkwe kasema hajawahi kuona kuku wazuri hivi mwaka wa kideri. Eliza katabasamu tu. Nilimpenda sana wakati ule, nikamwongezea paja kwenye sahani yake. Sostenes alikula mapaja matatu.

Selina alisema maneno machache. Kasema tukio kubwa lilionekana kwa sababu ya daftari la Baba Joyce na jicho la Mama Joyce. Daftari limetajwa kwanza! Watu wote walisikia. Nimeridhika kabisa, sijawahi kuridhika hivi.

Sasa nafikiri. Ng'ambo ya bonde kuna nyumba arobaini ambazo hazijasikia ugunduzi huu. Arobaini! Watajihadhari vipi na mtu anayebeba ugonjwa kwenye viatu bandani hadi bandani, wasipoonyeshwa? Kesho, nikishapeleka ndoo zangu mbili, nitakwenda na baiskeli. Nitaingia kila banda na kueleza. Mathayo kaniwekea mfuko wa manyoya ya kuku wake wa kwanza kufa, kwa ajili ya mfano.

Eliza kaniapisha nisitoke hapa nimevaa gambuti. Nimeapa, na mimi nikiapa naapa. Nimezifunga kwenye keria ya baiskeli, na uchafu wake wote kama ulivyo. Nitazivaa nikifika nyumba ya kwanza.