Baraza ya Shimo la Tisa

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Sijamwambia mtu yeyote: sijawahi kumaliza shimo la tisa. Mwaka mzima nacheza gofu kwenye uwanja ambao baba hukata nyasi, hapa Rumonge, na kila nikifika la tisa nasema tumbo linauma. Haliumi. Ni baraza ya klabu. Watu wamekaa pale na soda zao, wanatazama.

La saba naliweza, ingawa michikichi inabana kulia na kushoto. La nane ni kuvuka kijito. Naliweza pia. La tisa ni mlima, halafu macho.

Jumapili ni mashindano ya wasichana. Mshindi anapelekwa Bujumbura kusomea ualimu wa gofu. Shule nimemaliza, kazi sina. Lazima nimalize!

Ijumaa, 15 Agosti

Nimepanga masufuria saba uani, nimeyafunga vitambaa, yawe watu. Nikapiga mpira mbele ya masufuria hayo. Aibu ileile! Mama akauliza kama masufuria yanakwenda harusini.

Jumamosi, 16 Agosti

Mpango. Nimemwambia Tarsisi, mpishi wa klabu, huku nikitazama viatu vyangu, kwamba rais wa klabu anataka mukeke, samaki wa ziwa letu, wa kuchoma, uliwe nyuma ya nyumba ya klabu kesho, saa kumi kamili. Akauliza tangu lini rais anatuma wasichana. Nikasema tangu leo. Amekubali!

Jumapili, 17 Agosti

Nilicheza na binamu yangu Kulthum. Yeye anaandika hesabu yangu, mimi yake. Ndiyo sheria. Kwenye la saba akaniambia, dada, piga basi, michikichi haitakimbia. Nikapiga. Mpira ukapita katikati. Kwenye la nane mipira yake miwili ikazama kijitoni. Nikawa naongoza wasichana wote.

La tisa. Harufu ya mukeke. Baraza tupu! Kulthum akasema yeye ameshashindwa, samaki wasimwishie, akaondoka mbio.

Nikapiga mara tatu tu. Ukaingia! Hata rais hajawahi.

Kamati ya mashindano ikauliza nani ameona. Hakuna. Kadi bila sahihi ya mwenzako haihesabiwi. Kulthum, mwiba wa samaki ungali mkononi, akaapa kwamba hawezi kutia sahihi asichokiona. Rais akampongeza Tarsisi kwa mukeke.

Nililia nyuma ya tangi la maji.

Jumatatu, 18 Agosti

Kamati imenihurumia. Jumatano nitarudia shimo la tisa. Nikimaliza kwa mapigo sita, nimeshinda. Shahidi mmoja anatosha, nimchague mwenyewe, mradi ni mtu mzima mwaminifu.

Nimemchagua Mzee Marhun, mwenye duka la vitambaa. Amefurahi, amenishukuru kwa murakoze mara mbili. Hajawahi kusema uongo. Miwani yake ilivunjika wiki iliyopita, iko Bujumbura kwa fundi, na bila hiyo haoni hata mlango wa duka lake.

Ndiyo maana nimemchagua. Safari hii sitaona aibu hata kidogo.

Wewe unayesoma, tafadhali, usimwambie mtu. Hasa kamati.