Zulmira Ataimba Peke Yake

Jumatatu, 9 Novemba
Asante Mungu! Bwana Otaviano, mwenye studio ya kurekodi kule São Paulo, anakuja Alhamisi kumsikiliza mjukuu wangu Zulmira. Nimewasha mshumaa. Kero ni moja tu: Cleonice, mjukuu wa jirani yangu Iracema. Huyo ndiye sauti ya pili. Wanasema muziki wa mashamba bila waimbaji wawili haunogi, tena majina sharti yafanane. Basi Cleonice, aliyebatizwa Cleonice mbele ya macho yangu, leo anaitwa Zuleide! Zulmira na Zuleide. Kamwibia mtoto nusu ya jina, na sauti yenyewe inavuma kule chini kama nzi ndani ya chupa. Nani anaisikia? Zulmira ataimba peke yake. Nimeshaamua.

Jumatano, 11 Novemba
Nimemwambia Cleonice kwamba mama yake wa ubatizo, kule ng'ambo ya mto, ameteguka mguu na anamlilia yeye. Binti akalia. Akaahidi kuondoka alfajiri. Moyo mwema, nakiri. Ila moyo hauimbi. Zulmira akauliza nani sasa ataimba chini. Nikamjibu chini ni pa kuku. Iracema naye akapita uani, akataka kujua habari za mguu nimezipata kwa nani. Nikasema zimeletwa na upepo. Maswali yake utadhani polisi.

Alhamisi, 12 Novemba
Aibu. Baraka. Nianzie wapi? Zulmira aliimba peke yake. Sauti nzuri, lakini ilisimama kama kigoda cha mguu mmoja. Bwana Otaviano akatazama saa. Nikakimbilia jikoni, nikamletea wali na kuku wa pequi, lile tunda letu la njano, nikaanza kumsimulia maisha ya mwimbaji: alivyozaliwa akilia kwa mahadhi, alivyowaimbia ng'ombe wakakamuliwa bila kufungwa, alivyomliza padri. Nikanogewa. Nikasahau kumwambia mtu wa mjini kwamba pequi haing'atwi. Hugugunwa taratibu, maana chini ya nyama yake kuna miiba kama nywele. Yeye akaing'ata kama andazi! Ulimi ukawa nungunungu.

Ndipo akaingia Cleonice. Kumbe kamkuta mama yake wa ubatizo mzima, yuko juu ya paa anapanga vigae. Hakunigombeza. Akachukua kibano cha nyusi, akamshika bwana taya, akamwambia Zulmira aimbe ili mgonjwa atulie. Na huku aking'oa mwiba mmoja mmoja, akashusha ile sauti yake ya chini. Nyumba ikajaa. Hata mbwa akalala. Bwana akatokwa na machozi. Nikadhani ni miiba. Nikamshauri, kwa kuwa sasa ameshapona, amchukue Zulmira peke yake. Akanitazama, ulimi umevimba.

"Thauti ya pili, mama. Bila hiyo, thitii thaini."

Ijumaa, 13 Novemba
Wametia saini wote wawili! Namshukuru Mungu, Bikira, kibano, hata miiba. Mjukuu wangu atasikika redioni, mimi mwenyewe niliyemlea kwa mihogo na makofi. Iracema kaleta keki ya mahindi, kauliza ule mguu unaendeleaje. Nikasema Mungu kauponya kabla haujateguka.

"Shoga," akasema, "wewe mbinguni utaingilia dirishani."

Tukala keki. Tamu, ila sukari kazidisha. Nikamshukuru hivyo hivyo.

Jumapili, 15 Novemba
Nimetoa shukrani kanisani, nimeimba hadi watu wakageuka. Kisha nikakaa nikafikiri. Sikusoma, lakini kufikiri najua. Kumbe mali yote iko kwenye sauti ya pili! Mbona hatukuambiwa mapema? Basi Zulmira ndiye atakayekuwa sauti ya pili. Kesho namwendea Cleonice, maskini, nimwambie kwa upole kwamba sauti ya kwanza inampendeza zaidi yeye.