Sanduku la Malalamiko na Jogoo wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni 1996

...na si kwamba najisifu, lakini kuanzia Mkula hadi kwenye pantoni hakuna mke kama Noela wangu. Leo ndoa yetu imetimiza siku kumi na sita. Asubuhi kanifunga vifungo vya shati mwenyewe, kimoja kimoja. Nimefika ofisi ya kata miguu haigusi chini.

Ikagusa. Mtendaji wetu, Mzee Telesphory, kaniita. Kasema sanduku la malalamiko lililoletwa na halmashauri, ambalo mimi ndiye karani wake, lina miezi minne na halijapata hata karatasi moja. Limepata nyigu tu. Ijumaa inakuja kamati ya maadili kulifungua. Likikutwa tupu, mimi nahamishiwa ng'ambo ya mto. Ng'ambo! Na Noela hawezi kunifuata, ana cherehani yake hapa Mlabani na sare za shule nzima za kushona.

Nimemwamkia mzee shikamoo wakati wa kutoka. Nilikuwa nimeshamwamkia wakati wa kuingia.

Jumanne, 4 Juni

Nimetafuta walalamikaji. Nimeanza na Febronia muuza vitumbua, maana huyo hulalamika hata mvua ikikatika. Kanijibu kwamba kila kiongozi anayestahili kulalamikiwa ni mteja wake, kwa hiyo nisimharibie biashara. Mzee mmoja kaniambia akiwa na neno na mtendaji humfuata kwake akamwambia, sanduku la nini, kwani mtendaji kafa?

Basi nitalalamika mwenyewe. Juu ya nani? Dionisi, bwana shamba!

Jumamosi alitukuta sokoni, mimi na Noela tumeshikana mikono. Akapaza sauti: "Shemeji! Huyu mla mbwa kakudanganya nini? Siku ukiona mboga imenona na mbwa wa jirani habweki, usiulize!" Soko zima likacheka. Noela naye akacheka, kaziba mdomo kwa vidole vyake vile vyembamba. Ah, vidole vile! Jana yake tena aliingia uani kwetu mchana kweupe, akamkamata jogoo mwekundu tuliyepewa na mama mkwe siku ya harusi, akaondoka naye anaimba.

Najua, najua. Yeye Mngoni, mimi Mhehe, na Wahehe tunasingiziwa kula mbwa. Babu zetu walipigana, sisi ni watani, tunatukanana na kuchukuliana kuku, na kununa ni mwiko. Mimi mwenyewe mwaka jana, kwenye msiba wa shangazi yake, nilimvua kofia mbele ya waombolezaji nikaivaa mpaka ikachanika. Lakini kamati inatoka mbali. Itajuaje?

Jumatano, 5 Juni

Nimeandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko usijulikane. Akili hiyo! Karatasi ofisini zimekwisha tangu Aprili, nimeokota moja kwenye droo yangu. "Afisa aitwaye Dionisi anawatukana wananchi waliooa karibuni na kutwaa majogoo yao, kinyume cha maadili ya utumishi." Nimesaini: Mwananchi Mwenye Uchungu.

Wakati wa kutumbukiza, nyigu wameniuma mara tatu. Uchungu sasa ni wa kweli. Noela kanikanda shavu kwa kitambaa cha maji moto, kauliza nimefanya nini. Nimesema kazi ya serikali ina miiba. Kanitazama kama shujaa. Niumwe hata kesho!

Ijumaa, 7 Juni

Mungu wangu.

Kamati ilifika saa nne, ukumbi umejaa. Mwenyekiti ni Mama Getrude, mnene, mwenye miwani ya kamba. Noela naye alikuja, kaniletea wali na perege, kaketi mbele. Sanduku likafunguliwa. Karatasi moja! Mzee Telesphory akanipigia makofi.

Ikasomwa. Dionisi akaulizwa kama kweli alichukua jogoo. Akasimama, akasema kweli, na alikuwa mtamu, na paja moja alimpelekea mtendaji. Ila mwenye jogoo ni mtani wake, Mhehe.

Mama Getrude akavua miwani. Akasema yeye kazaliwa Songea, Mngoni kwa baba na mama, na tangu azaliwe hajaona mtani anakwenda serikalini kwa ajili ya kuku. "Nionyesheni huyo mla mbwa," akasema, "nimpe pole."

Mimi nikawa natazama dari. Nilidhani nimepona.

Kisha akageuza karatasi.

Upande wa pili kulikuwa na shairi. Langu. La mwezi wa uchumba. Akalisoma lote kwa sauti ya mahubiri: "Noela, macho yako ni maji ya Lumemo, mimi Lukelo wako nazama." Akasita, akauliza ni maji ya mto Lumemo ya kiangazi au ya masika, maana ya masika ni tope na mizizi. Watu walianguka kwenye viti. Dionisi alilia machozi.

Noela alisimama. Nikafumba macho. Akasema shairi ni zuri, na kwa nini nyumbani hajasomewa?

Hukumu: mtani aliyenuna hulipa. Jogoo mwingine kwa Dionisi, na mama mkwe aambiwe na mimi mwenyewe. Halafu Mama Getrude akaipongeza kata. Kasema katika masanduku yote aliyozungukia, hili peke yake limesema kitu. Lile la ng'ambo halijasema neno. Kwa hiyo karani mwenye ujuzi wa kulisemesha sanduku ataripoti huko Jumatatu.

Jumapili, 9 Juni

Nimefunga sanduku la nguo. Noela kalilowesha kwa machozi, mashati yote mabichi.

Lakini nina mpango! Nikifika tu, nitaandika lalamiko kali juu ya karani mpya: mvivu, mwenye kiburi, anaimba mashairi saa za kazi. Kwa mkono wa kushoto. Kamati italazimika kuniita huku kujieleza. Na safari hii nimekagua karatasi pande zote mbili. Hazijaandikwa kitu! Ni zile za waridi alizoninunulia Noela nimwandikie barua, kila moja kaitarizi kwenye kona kwa uzi mwekundu: Lukelo wa Noela.

Usilie, ua langu. Kabla mwezi haujaisha nitakuja kukutembelea, nikiletwa kama mtuhumiwa.