Siku Fundi Viatu Alipokimbia Pekupeku

Njooni, enyi mliokaa na mliosimama, mpate habari ya jambo zito lililotendeka saa tano na nusu asubuhi katika maabara yenye urefu wa hatua ishirini, siku ambayo fundi viatu, bwana wa nyundo, mfalme wa gundi asiyepingwa mtaani kwake, alikubali kukimbia miguu mitupu mbele ya mashahidi wawili.

Aliyemwita vitani alikuwa binti yake, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa elimu ya mwendo wa mwili. Katikati ya sakafu lilizikwa bamba la chuma lililopima kishindo cha kila unyayo, na kompyuta ikakichora kwa mstari. Hatua za fundi akiwa na viatu zilikwisha kunaswa: kisigino kilitangulia, na mstari ukachomoza ghafla kama msumari. Ilibaki hatua moja ya pekupeku, nayo kabla ya saa sita, maana saa hiyo mtunza maabara angefunga mlango, na bila hatua hiyo binti angerudia mwaka. Fundi naye alikuwa na hofu aliyoimeza kimya, kwamba mashine ingetangaza mbele ya mwanawe kuwa kwa miaka thelathini amewashonea watu maumivu ya magoti.

Akajitosa. Mara ya kwanza, ya tano, ya tisa, nyayo zake zililivamia bamba katikati kabisa, na kila mara binti aliifuta hatua hiyo. Kosa lilikuwa la kifundi. Mkono uliozoea kugonga msumari palepale ulipokusudia ulikuwa umeifundisha miguu kulenga, naye akafupisha hatua za mwisho asije akalikosa bamba. Na anayelenga hakimbii kama anavyokimbia siku zote. Mtunza maabara akatoa funguo mfukoni, akazitazama kwa huzuni ya kikazi.

Ndipo binti akasimama mwisho wa chumba, akahutubia.

"Baba, achana na bamba, niangalie mimi. Yule mwalimu jirani yetu, viatu vyake huwa vinaisha wapi?"

Shujaa akatoka mbio akijibu kwa sauti ya msoma nasaba za wafalme. "Kisigino, mwanangu, upande wa nje, cha kulia kuliko cha kushoto. Mama yako yeye vinaisha mbele, maana tangu nimuoe hajawahi kwenda taratibu."

Hakujua alipolikanyaga bamba. Sehemu ya mbele ya unyayo ilitua kwanza, kisigino kikafuata kwa adabu, na mstari ukapanda polepole bila msumari. Zilibaki dakika nne.

Fundi akasogea, akauliza kwa sauti ndogo kama basi viatu vimeshindwa.

"Hakuna aliyeshinda, baba. Kishindo cha kisigino kinachopanda magotini kimeondoka, lakini kazi imehamia kwenye mashavu ya miguu na kano za nyuma ya visigino. Kesho utaniambia mwenyewe."

Kesho ilikuwa mbali mno kungojwa. Mashavu ya miguu yalikuwa yamekaza hata hakuweza kuinama, na binti akapiga goti, akamvalisha viatu, akamfungia kamba. Machozi yakamlengalenga mzee yule.

"Kwa hiyo sikuwadanganya watu."

"Hukuwadanganya."

Iandikwe, basi, na vizazi visome: hatua ya kumi, ya mguu wa kulia, ilikubaliwa kuwa halali saa tano na dakika hamsini na sita. Na mshindi akarudi kazini akichechemea miguu yote miwili, akaketi mbele ya jozi ishirini zilizomngojea, akazitazama zote bila aibu.