Mawimbi ya Unga wa Mchungaji

Jumatatu, 4 Agosti
Jumapili kamati ya kanisa letu la Waafrika hapa ughaibuni inachagua kiongozi wa muziki. Lazima niwe mimi! Mirindi, yule Mkongomani wa gitaa, ananiita "mzee wa makofi" kwa sababu sijui kupiga chombo chochote. Tutaona. Kwenye treni kutoka Campbelltown nimetazama video: ukimwaga unga juu ya sinia na kuitetemesha kwa sauti, mawimbi ya sauti yanachora mistari kwenye unga. Mistari ni noti. Fizikia haihitaji vidole.

Jumatano, 6 Agosti
Nimelaza sinia ya keki juu ya spika, nikamwaga unga. Nyota! Halafu mduara! Nimepiga picha, kompyuta ikazigeuza kuwa muziki. Binti yangu Cheryl amesema, kwa Kiingereza kama kawaida, kwamba muziki huo ni mashine ya kufua iliyomeza kijiko. Mtoto hajui sanaa. Mke wangu Rispah ametoka zamu, akauliza ni unga gani huo. Ni ule aliouweka kwa ugali wa mchungaji, pakiti ya mwisho ya duka la Granville. Nikamwambia nitaurudisha wote. Sikumwambia mwingine umeingia ndani ya spika.

Ijumaa, 8 Agosti
Mazoezi kanisani. Mirindi amechungulia. Nikaifunika sinia kwa leso. Akanishauri nianze polepole, eti spika za kanisa zina nguvu. Wivu mtupu! Nitaanza na sauti ya juu kabisa.

Jumapili, 10 Agosti
Unga haukuchora nyota. Uliruka wote. Mama Kawira, mwenyekiti wa kamati, alikuwa safu ya mbele na suti nyeusi. Watu wakijipangusa, Mirindi akashika gitaa, wakaanza kucheza. Niliumia, sifichi. Kamati imekaa dakika tano. Muziki: Mirindi. Mimi: jikoni, ugali wa watu sitini kila mwezi, kwa vile unga nimeuzoea. Rispah ndiye aliyependekeza.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimejitafakari. Kiburi si uungwana. Jiko nimelipokea kwa moyo mweupe. Nimeleta sufuria la kanisa nyumbani nilisugue, nikaligonga kwa mwiko. Limevuma sekunde tisa! Nikatia maji, yakajichora yenyewe. Rispah amesema sikio la kufa halisikii dawa. Nimemwomba anyamaze kidogo, ninarekodi.
Kumbe kosa lilikuwa unga mkavu. Jumapili natumia uji.