Waraka wa Kumheshimu Adui

Jumatatu asubuhi, katika chumba cha mikutano chenye maua ya plastiki na maji ya chupa ambayo hakuna aliyethubutu kuyafungua, Mwenyekiti wa Bodi ya Heshima katika Filamu aliutangazia umma kwamba tatizo la adui limepatiwa ufumbuzi wa kudumu.

"Kwa muda mrefu," alisema, "adui wa filamu za mapigano ameonewa. Anazomewa, anatukanwa, anapigwa risasi bila kupewa nafasi ya kujieleza. Bodi haiwezi kuendelea kukaa kimya."

Mwandishi mmoja wa habari aliuliza ni filamu zipi hasa. Mwenyekiti akafafanua kwamba ni zile za zamani, za msakaji mwenye kofia pana anayepanda farasi na kufukuza majambazi mji hadi mji, akilipwa kwa kila anayemkamata. Alizieleza vizuri mno, mpaka katibu wake akakohoa.

Chanzo cha yote kilikuwa chakula cha jioni nyumbani kwa Waziri. Mjukuu wake alimkodolea macho babu yake, akaitazama ile suti nyeusi, kile kiti kikubwa, na wale wasaidizi waliokuwa wakicheka kila babu alipocheka. Akamuuliza mama yake kama babu ndiye adui wa kwenye filamu. Mezani hakuna aliyekana, na hilo ndilo lililomuuma Waziri zaidi.

Kesho yake alimwita Mwenyekiti. "Jambo hili ukilimaliza vizuri," alimwambia, "tutakukumbuka."

Mwenyekiti alikuwa akisubiri kukumbukwa tangu siku aliyoteuliwa. Alijifungia na wajumbe wake, wakapima mambo kwa kina. Kubadilisha filamu zenyewe hakukuwezekana, maana waliozitengeneza walikuwa mbali na hawakuwa wakijibu barua. Lakini filamu zile zilikuwa za lugha ya kigeni, na katika kila ukumbi wa video kulikuwa na mtafsiri aliyekaa na maiki kando ya televisheni, akiwaeleza watazamaji nani kasema nini. Bodi ikaamua kubadilisha tafsiri.

Ndivyo ulivyozaliwa Waraka. Adui sasa aitwe "kiongozi wa eneo". Vijana wake waitwe "watendaji". Kupora kuwe "kukusanya mapato", na kuchoma nyumba za watu kuwe "kupanga mji". Steringi, yule msakaji anayependwa na kila mtu, aitwe "mkorofi asiye na kibali". Na mtazamaji yeyote atakayemsaidia mkorofi kwa maneno, au kushangilia kuanguka kwa kiongozi, atolewe nje mpaka filamu iishe.

Ukumbi uliokuwa ukijaa kuliko yote ulikuwa nyuma ya soko. Ulikuwa na kuta za bati, mabenchi yasiyo na mgongo, na feni moja iliyokuwa ikizunguka kwa kujitolea. Mwenye ukumbi ndiye aliyekuwa mtafsiri, mama wa makamo mwenye sauti nzito, ambaye mji mzima ulimwita Bi Maiki. Tarishi alipomletea Waraka aliusoma taratibu, akaukunja.

"Mwambie Mwenyekiti nimeuelewa," alisema. "Tena umeandikwa vizuri. Sitapunguza hata neno."

Na kweli hakupunguza. Mchana uleule, kwenye televisheni, adui alimnyang'anya mzee mmoja kibuyu cha maji jangwani na kuyamwaga yote mchangani.

"Kiongozi wa eneo," Bi Maiki akatangaza kwa sauti ya taarifa ya habari, "anazindua mradi wa maji."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, mpaka mabati yakatetemeka.

Majambazi wakavunja mlango wa duka. "Watendaji wamefika kukusanya mapato," akasema Bi Maiki. "Mwenye duka anaombwa kutoa ushirikiano." Mwenye duka akatoka kwa kupitia dirishani, kichwa kikitangulia. "Ametoa."

Wiki ile watu walikuja na jirani zao, na jirani wakaja na mashemeji. Kila adui alipotokea, walimpigia makofi kabla hajafungua kinywa, ili wasikie anafanya maendeleo gani. Bodi ikapeleka ripoti juu: mahudhurio yameongezeka, na wananchi wanamfurahia kiongozi kuliko wakati wowote. Waziri akaipenda ripoti hiyo hata akasema Jumamosi atakwenda kujionea mwenyewe.

Siku hiyo Mwenyekiti alitangulia kukagua. Kochi kubwa la kuazima lilikuwa limewekwa mbele kwa ajili ya Waziri. Pembeni yake, kwenye benchi la kwanza, viatu amevua na miguu ameikunja, alikaa mama mkwe wa Mwenyekiti.

Mwenyekiti alinyoosha tai. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Umekuja kuona filamu?"

"Hapana, mama. Nimekuja kikazi."

"Hata mimi," alisema mama mkwe. "Hebu sogeza hilo kochi kidogo, linaniziba."

Akalisogeza. Waziri akaingia na wasaidizi wake watatu, wote suti nyeusi, akaketi, nao wakasimama nyuma yake. Taa zikazimwa.

Ilikuwa filamu ambayo Mwenyekiti aliijua. Enzi za chuo aliwahi kukosa mtihani kwa ajili yake. Alijikaza, akakunja mikono, akajiambia kwamba anafuatilia utekelezaji.

Kwenye televisheni adui alikuwa amekaa kwenye kiti kikubwa, vijana wake nyuma yake. Bi Maiki akamtafsiri: "Nimekuja kusikiliza kero zenu." Waziri alilipenda neno hilo, akacheka. Wasaidizi wake wakacheka. Sekunde hiyohiyo adui naye akacheka, na vijana wake wakacheka. Waziri akanyamaza, wasaidizi wakanyamaza. Adui akanyamaza, vijana wake wakanyamaza.

Bi Maiki alishusha maiki. Hapakuwa na cha kutafsiri. Watu walicheka hadi wengine wakaanguka kutoka kwenye mabenchi.

Waziri aligeuka nyuma akawatazama wasaidizi wake. "Nyie kaeni chini," alisema.

Mwenyekiti hakuona lolote kati ya hayo. Steringi alikuwa ameingia kwenye nyumba mbovu, bunduki imeisha risasi, anatembea taratibu. Adui alikuwa amejibanza nyuma ya mlango na kisu mkononi. Mwenyekiti alijua kabisa kwamba steringi hafi. Alijua hata ataokokaje. Lakini miguu ikasimama yenyewe.

"Nyuma ya mlango!" alipiga kelele. "Geuka, bwana, yuko nyuma ya mlango!"

Picha ikasimama. Bi Maiki alikuwa amebonyeza kitufe.

"Mwenyekiti," alisema kwa upole, "umemsaidia mkorofi kwa maneno."

Mwenyekiti alitazama huku na huku kutafuta wa kumtetea.

"Toka basi, mkwe wangu," alisema mama mkwe. "Unatuchelewesha."

Alisimama nje juani, akiwa na tai yake, kando ya muuza karanga. Alipoona hakuna anayepita, aliinama akaweka jicho kwenye tundu la msumari ukutani. Mara ukumbi ukalipuka kwa kelele, na moja ya sauti hizo ilikuwa ikisema, "Safi sana! Mwongeze konde jingine!"

Mlango ukafunguliwa. Waziri akatoka, akifuatwa na wasaidizi wake, waliotolewa pia kwa kushangilia baada yake kama kazi yao inavyotaka.

"Huu Waraka," alisema Waziri, "nani aliuandika?"

"Bodi, Mheshimiwa. Wewe ukautia saini."

"Ufutwe. Sasa hivi."

"Bodi inakutana mwezi ujao, Mheshimiwa."

Waziri aliutazama ukuta wa bati. Ndani watu walikuwa wakipiga miluzi. "Basi nipishe hapo tunduni."

Wakaanza kupokezana. Zamu ya Mwenyekiti ilipofika, Waziri alisimama nyuma yake akikanyaga mguu huu na ule kama mtu anayesubiri choo.

"Vipi, adui amekufa?"

"Bado, Mheshimiwa. Kapigwa risasi ya kifua kwa bunduki ya mtendaji wake, lakini anatoa hotuba."

"Mpaka sasa?" Waziri alifuta jasho. "Hivi mtu huyu kwa nini haongei kwa kifupi?"