Mhuri wa IMEPOKELEWA

Jumatatu, 3 Machi
Jirani yetu, fundi cherehani, kanisimamisha ngazini ili ajigambe. Mwanawe kamaliza vitabu vinne likizo hii. Vinne! Binti yangu, miaka tisa, husoma chini ya meza hadi chai inapoa, lakini ni kitabu kilekile cha fisi, mara ya sita sasa. Hana mpango. Mimi ni karani wa masijala. Najua kazi isiyopigwa mhuri haijafanyika. Nimeuazima mhuri wa ofisi. Kila ukurasa, IMEPOKELEWA. Mihuri kumi, biskuti.

Jumanne, 4 Machi
Kurasa arobaini! Nimepita kwa fundi cherehani mara tatu ili aniulize. Hakuuliza. Nimemwambia hivyo hivyo. Jioni mke wangu kamuuliza binti kitabu kilihusu nini. Kasema hajui, ila kina maandishi makubwa.

Jumatano, 5 Machi
Kurasa sitini na mbili. Ni maelezo ya pasi ya umeme, kwa lugha sita. Anajua moja. Mama mkwe, anayesoma darasa la watu wazima, kamwomba amsaidie neno moja. Binti kauliza kama neno hilo lina mhuri. Iliniuma, nakiri.

Alhamisi, 6 Machi
Biskuti zimekwisha. Binti kafunga kitabu katikati ya sentensi, akaenda kuutazama ukuta. Kile kitabu cha fisi kimewekwa chini ya mguu mfupi wa meza. Nyumba kimya. Sikuupenda ukimya ule hata kidogo.
Nikamgeukia mama mkwe na mhuri wangu. Kaniuliza kwani yeye ni barua. Kasema hiari yashinda utumwa, akaendelea kusoma chupa yake ya dawa, akicheka peke yake. Kagundua kuwa anachojipaka magotini tangu mwaka juzi ni dawa ya kikohozi.

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu wa masijala kautaka mhuri wake. Barua za wiki nzima hazijapokelewa. Nimepokelewa mimi, kwa maneno makali.

Jumamosi, 8 Machi
Meza inayumba tena. Chini yake, mama mkwe anasoma habari za fisi kwa kidole, na binti, aliyeshindwa kuvumilia akisikia fisi anaitwa fasi, anamsahihisha. Wamecheka hadi chai ikapoa. Nimesimama mlangoni, machozi yakanilengalenga. Mbinu yangu imezaa matunda, kwa kuchelewa kidogo tu.

Jumapili, 9 Machi
Nimemwagiza mchonga mihuri anichongee mpya, mkubwa: KWA HIARI. Wote wawili watapigiwa kila siku saa kumi na moja kamili jioni, chini ya meza. Kukosa hakuruhusiwi.